Somo: Kulok kamshafti za Mazda 2.3 na Ford Escape kabla hujagusa cheni

Wakuu habari zenu. Naongelea injini za Mazda LF ya 2.0 na L3 ya 2.3, zile za Atenza, Axela, Premacy, MPV mpaka Ford Escape 2.3. Hapa Arusha zipo kibao, zikianza kupiga kelele za cheni asubuhi zinapelekwa Unga Ltd (mtaa wa gereji), fundi anafungua kwa mazoea ya Toyota, anaweka alama za tipeksi kwenye spoketi (gia za meno zinazobeba cheni), anafunga, gari inagoma au inawaka ila haina nguvu.

Tatizo ni kwamba kwenye hii injini spoketi ya krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) na pulii yake havina kii, kile kipande cha chuma kinachozuia kitu kuzunguka juu ya shafti. Hata spoketi ya kamshafti (shafti inayofungua valvu) ya ekzosi inashikwa na mkazo wa bolti tu. Ukilegeza bolti ya krenki kabla hujalok, yaani kuweka krenki na kamshafti kwenye nafasi zake kwa vifaa, taimingi (mpangilio wa krenki na kamshafti) imeshaondoka hata kama cheni hujaigusa. Tipeksi haikusaidii kitu.

Vifaa ni vitatu: pleti ya milimita 5, pini ya krenki, na bolti ndogo ya M6 ya pulii. Na naomba hili likae kichwani, hivi ni vya KUPIMIA sio vya kushikilia.

Hatua ya 1. Toa waya wa betri, plagi zote, kava ya valvu na tairi la mbele kulia. Pembeni ya bloku, karibu na shafti ya tairi hilo, kuna kizibo cha bolti, kitoe.

Hatua ya 2. Zungusha krenki kwa spana kufuata mshale wa saa, pistoni namba 1 ikikaribia juu funga pini kwenye lile tundu, endelea pole pole mpaka krenki iguse pini isimame. Angalia nyuma ya kamshafti, kila moja ina mfereji. Mifereji ikilala usawa mmoja pleti inaingia yenyewe kwa mkono. Isipoingia usigonge nyundo, toa pini zungusha krenki raundi moja nzima urudie, maana krenki ikienda raundi moja kamshafti inaenda nusu.

Hatua ya 3. Kulegeza. Pulii ishike na kifaa chake cha kushikia, kamshafti ishike na spana pale kwenye mwili wake wenye pembe sita. Hapa ndo watu wanaharibu, wanaachia pleti ibebe nguvu yote, mfereji unapasuka na hapo unatafuta kamshafti nyingine.

Hatua ya 4. Rudisha tenshena (kifaa kinachokaza cheni) ndani, ichomeke waya wa milimita 1.5 isichomoke. Badilisha cheni na gaidi zake (reli zinazoiongoza cheni). Bolti za spoketi za kamshafti ziache zimeshikwa na vidole tu ili spoketi zicheze, achia tenshena ivute cheni, ndo ukaze kwa toki (spana ya kupimia mkazo) Nm 69 mpaka 75 huku umeshika kamshafti na spana.

Hatua ya 5. Rudisha kava ya mbele, pulii, halafu ile bolti ya M6 ipite kwenye tundu la pulii iingie kwenye kava. Bolti ya krenki iwe MPYA, Nm 100 kisha ongeza digrii 90.

Hatua ya 6. Toa vyote vitatu, zungusha raundi mbili kwa mkono, virudishe. Kimoja kikigoma kuingia rudia kazi, usijidanganye kwamba ni kidogo tu. Vikiingia vyote, vitoe tena ndo upige stata.

MASWALI

Mdau wa Moshi: Fundi, pleti siwezi kumwambia mtu wa kuchomelea anikatie flati bar?
Jibu: Pleti inawezekana, iwe milimita 5 kweli na imenyooka. Pini hapana, urefu wake ndo kipimo chenyewe, bolti ya kukadiria inakupeleka nje ya taimingi.

Mdau wa Sakina: Nimefunga Axela injini imetulia kabisa ila taa ya cheki injini inawaka, mashine ya kupima inasoma kodi ya hitilafu P0016. Cheni ndo imeruka?
Jibu: Kaka kabla hujafungua tena nijibu, M6 ya pulii uliiweka? Sensa ya krenki inasoma meno yaliyopo kwenye pulii, sasa pulii ikikaa imezunguka kidogo valvu ziko sawa lakini kompyuta inaona krenki na kamshafti haziendani. Lok upya, legeza bolti ya krenki, panga pulii na M6, weka bolti mpya.

Mdau: Shikamoo fundi. Mi nina Land Cruiser ya 1HZ ya kupeleka wageni, hivi vifaa navyo vinahitajika?
Jibu: Marahaba. Hapana, hiyo ni ya belti, unafuata alama za kwenye pulii ya kamshafti na ya pampu.

Mdau wa Njiro: Gan ya upepo kwenye bolti ya krenki?
Jibu: Kama pini na pleti vimo ndani usithubutu. Tafuta bomba refu na mtu wa kukushikia pulii.