Jinsi ya kuweka kikomo cha hela za mamluki kwenye ndondo ya Desemba bila kuwaonea wachezaji

Wakuu, kama upo Moshi na umewahi kukaa kamati ya ndondo, yani mashindano ya mpira wa mtaani ya sikukuu, unajua naongelea nini. Watu wanapanda kutoka Dar, kila mwenye hela anataka timu ya kwao ichukue ng'ombe wa zawadi, na hana muda wa kukaa na vijana mazoezini, anapiga simu mbili tatu kesho yake wanashuka mamluki nane, yani wachezaji wa kukodi kutoka ligi. Mwaka juzi huku kwetu fainali iliisha 7-0, dakika ya 40 wazee walisharudi kwenye mbege, mama wa chapati kabaki na beseni lake limejaa. Mwaka jana ndo tukaweka kikomo cha malipo, tukakosea kosea, na haya ndo niliyoyaokota.

Kwanza ukae na wachezaji kabla hujaandika namba yoyote. Najua mnaona hii ni ya kupoteza muda, ila kikomo ni kitu cha ajabu ukikitafakari: unamwambia kijana anayevuja jasho kwamba hela yake ina dari, alafu bosi mwenye timu hana dari popote. Lazima akuulize kwa nini. Kule Uingereza madaraja ya tatu na ya nne klabu zilipiga kura Agosti 2020 zikaweka kikomo, pauni milioni 2.5 kwa League One na milioni 1.5 kwa League Two, chama cha wachezaji kikasema mbona hamkutushirikisha ipasavyo, kesi ikaenda kwa wasuluhishi, Februari 2021 sheria ikafutwa. Miezi sita tu! Na hao wana mawakili, wewe una katibu mwenye daftari la shule ya msingi. Ita manahodha, kaeni hata chini ya mti, wakikataa namba msikilize sababu.

Pili, weka kikomo kwa timu nzima, USIWEKE kwa mchezaji mmoja mmoja. Hapa ndo sisi tulipochemka. Tuliandika hakuna mchezaji kuzidi elfu 30, tukaona tumemaliza. Kilichotokea ni yule fundi wetu wa kati, mtoto wa hapa hapa, kaondoka zake Himo ambako hawana sheria, na mabeki wa kawaida kabisa wakawa wanalipwa sawa na yeye aliyekua anawabeba. Waingereza walifanya kosa hilo hilo miaka sitini: 1901 waliweka mshahara wa juu pauni 4 kwa wiki, ukawa unapandishwa kwa kijiko mpaka pauni 20, na viwanja vilikua vinajaa kipindi chote hicho, sasa jiulize hela ilikua inaenda kwa nani. 1961 Jimmy Hill, mwenyekiti wa chama cha wachezaji, na wenzake wakatishia mgomo, kikomo kikafa, na Johnny Haynes wa Fulham akaanza kulipwa pauni 100 kwa wiki. Yani thamani yake halisi ilikua mara tano ya ile aliyoambiwa ndo mwisho.

Alafu ukimpangia mtu mmoja mmoja bei utakosea tu hata uwe na wataalamu. Mnamkumbuka Hasheem Thabeet wetu, 2009 Memphis Grizzlies walimchukua namba 2 siku timu za NBA, ligi ya kikapu Marekani, zinachagua chipukizi kwa zamu. Kule chipukizi analipwa kufuatana na namba aliyochaguliwa, kwaiyo Stephen Curry aliyechukuliwa namba 7 mwaka ule ule, na akaja kuwa nyota mkubwa, akaanza na mshahara mdogo kuliko Hasheem. Sisemi Hasheem hakustahili, mimi nilishangilia mpaka sauti ikakauka, nasema tu orodha ya bei haijui mpira. Ukifunga jumla ya timu, kocha mwenyewe ndo anaamua ampe nani nyingi.

Namba yenyewe sasa. Usiitoe kichwani, itoe kwenye mapato. NBA wana kikomo tangu msimu wa 1984-85, kilianza dola milioni 3.6 kwa timu, msimu wa 2024-25 kikapita milioni 140, na kimepanda hivo kwa sababu kimefungwa kwenye mapato ya ligi, wachezaji wanapata karibu nusu ya hela yote. Hapo ndo naona haki ilipo, maana mkikua mnakua wote. Kikomo kisichopanda na mapato ni bosi anajiwekea akiba kwa jasho la mwenzake, basi.

Tuseme mna timu 8, kila moja ada laki 2, hiyo ni milioni 1.6. Mdhamini kaleta milioni 3, na getini mnategemea milioni 1.4. Jumla milioni 6. Nusu, milioni 3, igawe kwa timu 8 inakuja 375,000 kila timu, na hiyo ni ya wachezaji tu, sio ya mwenyekiti kunywea supu. Nusu ingine ndo ng'ombe, marefa, chokaa, mipira. Alafu bosi wa timu mruhusu aongeze mfukoni kwake isiyozidi hiyo hiyo 375,000. Kwaiyo dari ni 750,000, na hapo hapo umepata sakafu, kwamba hata timu isiyo na mjomba Dar ina 375,000, wachezaji 18 ni kama elfu 20 na kidogo kila mmoja, nauli ya bodaboda na maji vipo. Sakafu watu wanaisahau sana jamani. NBA timu inatakiwa itumie angalau asilimia 90 ya kikomo, ili tajiri bahili asijifiche nyuma ya sheria.

Na mtoto wa nyumbani mpe mlango wake. Kuna kipengele kule wanakiita cha Larry Bird, timu inaweza kupita kikomo ili ibaki na mchezaji wake wa siku zote. Sisi tumeiandika kimoshi: aliyecheza hapa kijijini misimu miwili mfululizo, bosi akimuongezea chochote juu hakihesabiwi. Hii ndo iliyomrudisha yule fundi kutoka Himo, na bosi mmoja akagundua ni bora awekeze kwa vijana wa kwao kuliko kuwalipia mamluki lodge.

Kazi ngumu ni kukagua. Andika mapema kwamba malipo ni kila kitu: hela, viatu, simu, mafuta ya pikipiki, debe la mahindi kwa mama yake, na ile "njoo uendeshe gari yangu ya mzigo Januari". Maana hela inajua kupita uchochoroni. Melbourne Storm, timu ya rugby Australia, 2010 walikamatwa na mikataba ya aina mbili, moja ya kuonyesha ligi na nyingine ya kweli, wakanyang'anywa ubingwa wa 2007 na 2009. Saracens, nao wa rugby ila Uingereza, 2019 walikatwa pointi 35 na faini zaidi ya pauni milioni 5, 2020 wakashushwa daraja. Hao ni watu wenye wahasibu, sembuse sisi ambao muamala unaweza kupita kwa simu ya shemeji. Hamtakamata zote, msijidanganye, ila nahodha asaini fomu ya nani kalipwa ngapi na ibandikwe ukutani pale dukani kwa mangi kila mtu asome. Hiyo inafanya kazi kuliko mkaguzi yeyote, maana mchezaji akiona ameandikiwa elfu 50 na alipewa 20 atapiga kelele mwenyewe.

Adhabu mkubaliane kabla ya mechi ya kwanza, pointi sio faini, kwa sababu bosi anayeshusha mamluki kwa Coaster faini kwake ni bei tu ya kawaida.

Kuna atakayesema kikomo chenyewe ni dhulma, mpira ni soko huria, Marekani baseball hawana kikomo mpaka leo. Kweli, 1994 wamiliki walivyotaka kukileta wachezaji wakagoma mpaka fainali za World Series zikafutwa. Mimi siwalaumu. Ila wale wanacheza mechi 162 kwa msimu, sisi tuna wiki moja na uwanja mmoja, mechi ikishakua 7-0 hata getini hakuna hela ya kugawana.

La mwisho, fomu zote zifungwe tarehe 15. Msije mkasema mtamalizia tarehe 20, mabasi ya Dar yakishaanza kushusha watu hata mwenyekiti wa kamati mnamkuta ana mjomba mwenye timu.