Gurudumu la kusokotea pamba: pima puli kabla ya kulipa

Nenda na futi kamba. Pima kipenyo cha gurudumu kubwa, ugawanye kwa kipenyo cha puli ndogo, pale kamba inapopita. Sentimita 50 kwa 5 ni mizunguko 10 tu ya puli kila gurudumu likizunguka mara moja. Kwa sufu sawa. Pamba yetu ya Kanda ya Ziwa ina nyuzi fupi, takriban sentimita 3, inataka 15 au zaidi.

Breki ya bobini, kigurudumu kinachokusanya uzi, ndiyo inayosumbua wengi. Ilegeze kabisa, kisha kaza kidogo kidogo hadi uzi uvutwe taratibu. Uzi ukiachana mkononi, umekaza mno: uzi unavutwa kabla haujashika msokoto. Uzi ukijikunja vifundovifundo mbele ya tundu unamoingilia, kaza kidogo zaidi. Ekseli, tone la mafuta ya cherehani.