Namna ya Kuchagua Msumeno wa Umeme wa Kukatia Kona kwa Bei Nafuu

Anayejenga nyumba kidogo kidogo, kama wengi wetu tunavyojenga, hufika mahali ambapo kuta zimesimama, bati limeshaezekwa, na kilichobaki ni kazi ya mbao: skatingi za vyumba (mbao za kuziba chini ya kuta, zinapokutana na sakafu), fremu za milango, rafu za jikoni, kabati la nguo, pengine na kitanda cha watoto. Katika kazi hizo zote mbao hukatwa kwa kukingama upana wake, kwa nyuzi 90 au 45, mara nyingi kuliko mtu anavyodhani anapoanza, na kila kipande hutakiwa kikutane na mwenzake bila kuacha mwanya. Mashine iliyoundwa kwa ajili ya mkato huo ni msumeno wa umeme wa kukatia kona, ule wenye bledi ya duara inayoshushwa kwa mkono juu ya kitako kinachozunguka, na ambao mafundi wetu wa madirisha ya alumini huufunga mezani na kuutumia kutwa nzima.

Kabla ya kutaja ukubwa na nguvu ya mashine, ni vyema kujua unacholipia. Chukua fremu ya kioo yenye kona 4. Kona 4 ni mikato 8, kwa hiyo msumeno ukikosea nusu ya nyuzi katika kila mkato, makosa hujumlishana hadi kufikia nyuzi 4, na kona ya mwisho haitafunga hata ukiimiminia gundi. Kama mbao za fremu hiyo zina upana wa milimita 100, kosa hilo dogo linatosha kuacha mwanya wa karibu milimita 2.5 kwenye kona moja tu. Kwa sababu hiyo nashikilia kwamba mwenye fedha kidogo anunue unyoofu kwanza, kisha bledi nzuri, na mambo mengine yote yasubiri. Taa ya leza, reli ndefu na bledi kubwa hupendeza dukani, lakini hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachonyoosha mashine iliyopinda.

Wapo pia wasiohitaji kununua kabisa. Mtu anayetaka kuweka skatingi katika chumba kimoja atatosheka na sanduku la kukatia kona, lile la mbao au plastiki lenye mifereji ya kuongozea msumeno wa mkono, ambalo gharama yake ni sehemu ndogo sana ya bei ya mashine. Mwenye kazi ya siku moja anaweza kupeleka vipimo kwa fundi seremala wa mtaani akakatiwa kwa malipo madogo. Mashine huanza kujilipa unapokuwa na vyumba kadhaa mbele yako, au unapojua kwamba ujenzi wako utaendelea kwa miaka.

Ukishaamua kununua, utakuta dukani aina tatu hivi. Ya kwanza hukata kona kwa kuzungusha kitako kushoto na kulia tu. Ya pili, pamoja na kuzunguka, kichwa chake hulalia ubavu upande mmoja hadi nyuzi 45. Ya tatu ina reli, kwa hiyo bledi huvutwa mbele na kurudishwa nyuma, na hukata ubao mpana zaidi. Kwa kazi za nyumbani naipendekeza ya pili yenye bledi ya milimita 254 au 255, yaani inchi 10. Sababu yake ni skatingi. Ubao wa inchi 4 ukisimamishwa wima unaweza kuwa mrefu kuliko bledi inavyofikia katika mashine nyingi ndogo, lakini ukilazwa chali na kichwa kikalalishwa ubavu nyuzi 45, hukatika vizuri bila shida.

Pima hata hivyo upana wa mbao unazotumia kabla ya kuridhika. Msumeno usio na reli wenye bledi ya inchi 10 kwa kawaida hukata upana wa milimita 130 hadi 145 kwa nyuzi 90, na karibu milimita 90 hadi 100 tu kwa nyuzi 45. Ubao wa 1x6, yaani inchi 1 kwa 6, una takribani milimita 150, kwa hiyo unaweza kuubakiza kidogo pembeni. Utalazimika kuugeuza na kumalizia upande wa pili. Anayetengeneza rafu na makabati kwa mbao za 1x8 au 1x10 ndiye mwenye haki ya kufikiria reli, na kwake msumeno mdogo wa milimita 210 au 216 wenye reli mara nyingi ni ununuzi wa busara kuliko mkubwa wa inchi 12, kwa kuwa hufikia upana wa karibu milimita 300, ni mwepesi, na bledi zake ni za bei ndogo. Udhaifu wa reli za bei rahisi ni kwamba hulegea. Shika kichwa cha mashine kikiwa kimevutwa hadi mwisho, kisukume taratibu kulia na kushoto, na ukihisi kinacheza, iache mashine hiyo hapo hapo.

Hapa Tanzania umeme wetu ni wa volti 230 na hezi 50, na jambo hili huwaponza wanunuzi wa mashine za mtumba. Vifaa kutoka Marekani hutengenezwa kwa volti 120, vya Japani kwa volti 100, na hata Uingereza, ambako majumbani umeme ni sawa na wetu, vifaa vya maeneo ya ujenzi hutumia volti 110 kwa sababu za usalama na hutambulika kwa plagi kubwa ya njano. Kubadilisha plagi peke yake hakusaidii: mashine ya volti 110 ikichomekwa kwenye ukuta wa nyumba yako huungua mota ndani ya muda mfupi. Soma kibandiko kilicho kwenye mota yenyewe, usisome maandishi ya sanduku. Mashine iliyotoka Ujerumani au Ufaransa yenye plagi ya duara haina tatizo la volti, na inahitaji kubadilishiwa plagi tu na fundi umeme.

Kosa jingine ninaloliona mara kwa mara, na ambalo ni la hatari, ni kuichanganya mashine hii na ile ya kukatia chuma inayotumiwa na wachomeleaji. Kwa mbali zinafanana. Ya chuma hutumia jiwe jembamba, kwa kawaida la inchi 14, na mara nyingi haina kinga inayofunika bledi kadiri inavyopanda na kushuka. Kuifunga bledi ya mbao kwenye mashine hiyo, au kufunga jiwe la chuma kwenye msumeno wa mbao, ni kujitakia maafa: katika hali ya kwanza meno yanaweza kubaki wazi mbele ya mikono, na katika ya pili cheche huangukia vumbi la mbao lililojaa ndani ya mashine. Bei nafuu ya mashine ya chuma isikushawishi.

Unapokwenda dukani, iwe ni Gerezani na Kariakoo au duka la vifaa la mtaani kwako, nenda na skwea nzuri (kipimo cha pembe ya nyuzi 90), rula ya chuma iliyonyooka na kipande cha ubao. Mwombe muuzaji aitoe mashine ndani ya boksi na kuiweka juu ya meza. Egemeza rula kwenye ukingo wa nyuma, ule wa kuegemezea mbao, ikipita kutoka upande wa kushoto hadi wa kulia. Mwanga ukipenya popote, ukingo haujanyooka, na kasoro hiyo ni ngumu kuirekebisha nyumbani. Kisha, plagi ikiwa imechomolewa, shusha bledi na uisimamishe skwea kati ya kitako na ubapa wa bledi, ukihakikisha haigusi ncha za meno kwa sababu meno hutokeza nje kuliko ubapa. Bledi ikiwa imelala kidogo si neno, kwani karibu kila mashine ina skrubu ya kurekebishia jambo hilo. Zungusha kitako hadi nyuzi 45, kifunge, halafu ukisukume kwa nguvu. Kisitikisike. Kitako kinachosogea kikiwa kimefungwa kitakupa mkato tofauti kila siku, na utamlaumu fundi aliyejenga ukuta.

Wakikuruhusu kuiwasha, fanya jaribio ambalo ni bora kuliko yote. Chagua ubao ambao kingo zake zote mbili zimerandwa zikanyooka na kulingana upana, ukate kwa nyuzi 90, geuza kipande kimoja juu chini, kisha kutanisha ncha mbili zilizokatwa huku vipande vyote vimeegemea rula. Zikigusana kuanzia juu hadi chini, mashine imenyooka. Zikiacha mwanya, mwanya huo ni maradufu ya kosa lenyewe, na ndiyo maana jaribio hili hufichua hata kosa ambalo skwea haikuliona.

Kuhusu nguvu, wati 1,400 hadi 1,800 zinatosha hata kwa mninga na mkongo, mradi bledi ni kali. Mashine ya wati 1,800 hutumia takribani ampea 8, na soketi ya kawaida ya nyumbani inaimudu. Ukitumia waya wa kuongezea, uwe wa milimita za mraba 1.5 au zaidi, na uufungue wote kutoka kwenye kigurudumu chake, kwa kuwa waya uliobaki umeviringwa hupata joto na unaweza kuyeyuka.

Sasa bledi. Inayokuja na mashine ya bei rahisi mara nyingi ina meno 24 hadi 40, nayo inafaa kukatia papi na mbao za kenchi, lakini huchana skatingi na kuacha nyuzinyuzi upande wa chini. Tenga fedha ya bledi ya meno 60 yenye ncha za kabaidi, yaani madini magumu sana, tangu siku unapopanga bajeti. Ikibidi, nunua mashine ya daraja la chini kidogo ili fedha hiyo ipatikane. Angalia tundu la katikati, kwa sababu yapo ya milimita 25.4 na ya 30 na tofauti hiyo ni rahisi kukupita bila kuigundua. Angalia pia kasi ya juu iliyoandikwa juu ya bledi: lazima iwe kubwa kuliko ya mashine, ambayo kwa kawaida ni mizunguko 4,500 hadi 5,000 kwa dakika. Bledi nyingi za msumeno wa meza huwa na meno yaliyoinamia mbele sana, nayo huuvuta ubao kwa nguvu na kuupandisha. Kwa msumeno wa kona tafuta yenye meno yaliyosimama karibu wima au yaliyoinama nyuma kidogo. Mbao za paina kutoka Mafinga zina utomvu unaoganda kwenye meno, na bledi inayofukiza moshi mara nyingi inahitaji kusafishwa kabla ya kunolewa.

Muulize muuzaji swali moja la mwisho: kaboni za mota hii zinapatikana? Kaboni ni vipande viwili vidogo vinavyopeleka umeme kwenye sehemu ya mota inayozunguka, huisha kwa kutumika, na gharama yake ni ndogo. Mashine ambayo kaboni zake hazipatikani hugeuka chuma chakavu kwa kukosa kitu cha bei ya mlo mmoja. Kwa kigezo hiki chapa zinazouzwa kwa wingi mjini, kama Ingco na Total kwa upande wa bei nafuu au Makita na Bosch kwa upande wa juu, zina faida kuliko jina lisilojulikana lililopatikana mara moja kwenye mnada.

Usitoke dukani bila miwani ya kinga na barakoa ya vumbi. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliorodhesha vumbi la mbao miongoni mwa visababishi vya saratani tangu mwaka 1995, na vumbi la mvule huwasababishia baadhi ya watu muwasho wa ngozi na pumu. Kwa hiyo katia nje, kwenye upepo unaoondoa vumbi usoni pako. Mbao zilizotiwa dawa zinahitaji uangalifu zaidi, kwani baadhi ya dawa hizo zina shaba, kromiamu na aseniki. Vumbi na vipande vyake visiingie kwenye jiko la kupikia wala kwenye banda la kuku.

Mashine ikishafika nyumbani, ifunge kwa bolti juu ya meza imara au ubao mzito, na uweke vihimili pande zote mbili vyenye kimo sawa na kitako ili ubao mrefu usining'inie. Rudia jaribio la kugeuza ubao, kwa sababu safari ya bodaboda au daladala inaweza kuwa imeisogeza. Kabla ya kila mkato, egemeza ubao ukingoni hadi usichezecheze, weka mkono si chini ya milimita 150 kutoka kwenye bledi, vua glavu, subiri bledi ifikie kasi yake yote, ishushe taratibu, kisha achia swichi na uiache isimame kabisa ndani ya mkato ndipo uiinue. Kipande kilicho kifupi mno kushikwa kwa umbali huo kibane kwa klampu, au kikate kutoka kwenye ubao mrefu kabla hakijawa kifupi.