Noah imefunguliwa injini, sasa inakunywa mafuta: anza kutafuta hivi

Toyota Noah za zamani zenye injini ya 3S-FE, zile za kuanzia mwaka 1996, bado zinabeba familia na biashara nyingi hapa Tanzania. Malalamiko ninayoyasikia sana ni haya: gari lilichemsha, gasketi ya silinda hedi ikabadilishwa, injini ikawaka vizuri, lakini mafuta yanakwisha upesi kuliko zamani. Mwenye gari akirudi gereji anaambiwa anunue pampu au nozeli. Usinunue kwanza. Kama ulaji uliongezeka mara baada ya matengenezo, sababu mara nyingi iko mahali mkono wa fundi ulipopita.

Hatua ya 1: Pima ulaji wenyewe

Geji ya mafuta haitoshi. Jaza tenki hadi pampu ya sheli ikate yenyewe, andika kilomita, endesha safari zako za kawaida zisizopungua kilomita 200, kisha jaza tena kwenye pampu ileile. Gawanya kilomita kwa lita ulizojaza. Kilomita 240 kwa lita 40 ni kilomita 6 kwa lita. Linganisha na gari lako lilivyokuwa, si na la jirani. Kama tairi zimebadilishwa saizi, jua kwamba hata odometa haisemi tena ukweli.

Kabla ya kuendelea, nusa. Nozeli zikitolewa na kurudishwa na oringi za zamani, petroli huvuja kwenye reli yake. Ukisikia harufu, zima injini. Hilo ni jambo la moto kabla ya kuwa jambo la ulaji.

Hatua ya 2: Uliza kama thamostati ipo

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko hatua nyingine yoyote. Gari likichemsha, mafundi wengi huitoa thamostati (valvu inayozuia maji yasipite kwenye rejeta hadi injini ipate joto) na kuitupa, wakiamini maji yatapita vizuri zaidi. Matokeo yake injini haifiki joto lake la kazi, hasa Mbeya, Iringa au Njombe asubuhi. Kontrol boksi (kompyuta ya injini) ikiona injini ni ya baridi, inaongeza petroli, na itaendelea kuiongeza safari nzima.

Tena kuitoa hakuponyi kuchemsha. Kwenye injini hii thamostati ina kifuniko cha pili kinachofunga njia ya mkato ya maji injini inapopata joto. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi na sehemu ya maji inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Vitabu vya matengenezo vya Toyota vinakataza kuitoa hata gari linapochemsha.

Kupima ni rahisi. Washa injini ikiwa baridi kabisa, ushike mpira wa chini wa rejeta mara kwa mara, ukijihadhari na feni. Thamostati nzima huuacha mpira ubaki baridi hadi injini ipate moto, ndipo joto lije kwa ghafla. Ukipata vuguvugu taratibu tangu dakika za mwanzo, thamostati haipo au imekwama wazi. Nunua ya nyuzi 82. Unaweza kuijaribu kwenye sufuria ya maji: ianze kufunguka maji yakikaribia nyuzi hizo, na ikipoa ifunge. Feni iliyounganishwa moja kwa moja ili izunguke muda wote nayo irudishwe kwenye swichi yake.

Hatua ya 3: Sensa ya joto la maji

Kuna mbili, na watu huzichanganya. Yenye waya mmoja ni ya geji ya dashibodi. Yenye waya mbili ndiyo inayosomwa na kontrol boksi. Geji inaweza kuonyesha vizuri huku ya pili ikidanganya. Chomoa soketi ya waya mbili, pima kwa mita: karibu nyuzi 20 upate takriban kiloomu 2 hadi 3; karibu nyuzi 80, omu 200 hadi 400. Sensa iliyokufa kabisa huwasha taa ya injini, lakini iliyopotoka kidogo inaongeza petroli kimyakimya.

Ukiwa na kisanduku kilichoandikwa DIAGNOSIS, unganisha tundu za TE1 na E1 zilizo ndani yake kwa waya mfupi, swichi ikiwa ON na injini imezimwa, uhesabu taa ya injini inavyomweka. Namba 22 ni joto la maji, 31 sensa ya vakyumu (inayopima mvuto wa hewa kwenye manifoldi), 21 sensa ya oksijeni.

Hatua ya 4: Mipira ya vakyumu na eksozi

Fuata mpira unaokwenda kwenye sensa ya vakyumu. Ukipasuka au usiporudishwa, kontrol boksi inadhani gari limebeba mzigo mzito, na moshi mweusi utauona. Kwenye manifoldi ya eksozi, gasketi inayovuja kabla ya sensa ya oksijeni huingiza hewa, sensa inasema petroli ni kidogo, na petroli inaongezwa.

Hatua ya 5: Taimingi

Mkanda wa taimingi ukiruka jino moja, gari litawaka na kutembea, ila litakuwa zito na vakyumu itashuka. Hakikisha alama za mkanda kwanza. Kisha moto wa plagi: unganisha TE1 na E1, injini ikiwa imepata joto na inazunguka taratibu, upime kwa taa ya taimingi, iwe nyuzi 10 za mzunguko kabla ya pistoni kufika juu. Kupima bila kuunganisha waya huo, au kwa sikio, ni kubahatisha.

Hatua ya 6: Nje ya injini

Piga jeki kila gurudumu ulizungushe kwa mkono kuona kama breki zimekamata. Angalia upepo wa tairi, na kwenye gia za automatiki hakikisha taa ya O/D OFF (gia ya juu imezimwa) haiwaki.

Hatua ya 7: Kompresheni

Haya yote yakiwa sawa, pima kompresheni (mgandamizo) ya silinda zote nne. Tofauti kati yao isizidi kilo 1 kwa sentimita ya mraba. Silinda moja ikiwa chini, angalia nafasi za valvu injini ikiwa baridi: za kuingiza milimita 0.19 hadi 0.29, za kutoa 0.28 hadi 0.38. Hedi ikichongwa na valvu kusagwa, nafasi hizi hupungua na valvu hazifungi vizuri.

Rekebisha kitu kimoja, kisha rudia kipimo cha hatua ya 1 kabla ya kugusa kingine. Kama ringi za pistoni ni mpya, subiri injini ilainike kwa kilomita 1,000 hivi ndipo uamini namba unayoipata. Nozeli ziende kusafishwa baada ya hapo, ikiwa bado hesabu haijarudi.