"Wastani wa Nani?" Kuutoa Utabiri wa Msimu Redioni Hadi Shambani

Mwaka mmoja niliusoma utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) kwenye mkutano wa kijiji, neno kwa neno: "mvua za wastani hadi chini ya wastani." Nilipomaliza, mzee mmoja aliyeegemea baiskeli yake akauliza, "Bwana shamba, wastani wa nani? Wangu au wa redio?" Watu wakacheka. Sikuwa na jibu la kumtosha, maana na mimi nilikuwa nimeupokea tu kama wao.

Jibu lenyewe si gumu. Huchukuliwa rekodi za mvua za miaka mingi, tuseme 30, zikapangwa kuanzia mwaka mkavu kabisa hadi ule wa mvua nyingi, kisha zikagawanywa mafungu matatu ya miaka 10. Fungu la kati ndilo linaloitwa wastani. Utabiri ukitoa asilimia 45 kwa chini ya wastani, 35 kwa wastani na 20 kwa juu, weka punje 20 za nafaka kwenye bakuli: 9 za uwele, 7 za mtama, 4 za mahindi. Mwambie mtu afumbe macho aokote moja. Akitoa hindi, hajadanganywa na mtu. Lilikuwemo tangu mwanzo. Zoezi hili la dakika tano limenisaidia kuliko hotuba zote nilizowahi kutoa.

Milimita nazo zinahitaji kutafsiriwa. Milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita ya mraba, yaani kama lita 4,000 kwa ekari: mapipa 20 ya lita 200. Ukimwambia mkulima zimenyesha milimita 15, anatikisa kichwa. Mwambie mapipa 300 yameingia kwenye ekari yake, na hapo hapo atakuuliza yamekwenda wapi. Basi mnaanza kuzungumza makinga maji.

Lakini jumla ya msimu si jambo linalomnyima mkulima wa Dodoma usingizi. Anayeendesha bwawa la Mtera anataka kujua maji kiasi gani yataingia kwa msimu mzima. Mkulima wa Kongwa anataka kujua mvua zitaanza lini, zitakatika lini, na kile kiangazi cha katikati, ambacho huku mara nyingi huangukia Februari, kitachukua siku ngapi. Mahindi yaliyopandwa katikati ya Desemba hutoa mbelewele karibu na katikati ya Februari, yakakutana nacho uso kwa uso. Mfugaji anaulizia malisho na maji ya mifugo, mfanyabiashara wa soko la Kibaigwa anaulizia gunia. Utabiri ni mmoja, maswali ni tofauti, na anayeuandaa hawezi kuyakisia akiwa ofisini.

Kwa hiyo kaeni kikao kabla ya kupanda. Utabiri wa mikoa yenye msimu mmoja wa mvua hutoka mwishoni mwa Oktoba, basi kikao kisivuke wiki mbili za mwanzo za Novemba. Awepo mtu wa hali ya hewa, bwana shamba, wafugaji, muuza pembejeo na mganga wa zahanati. Wazee wanaosoma kuchipua kwa mibuyu nao wasikilizwe vizuri, wasiletwe kama mapambo. Msianze na utabiri. Anzeni kwa kumwuliza kila mmoja: unaamua nini msimu huu, na mwisho wako wa kuamua ni lini? Aliyekwisha kununua mbegu ya muda mrefu mwezi wa tisa, taarifa ya Novemba haimfai kitu. Hilo lirudi kwa watabiri, wajue.

Punje za chini ya wastani zikiwa nyingi, usihamishe shamba zima. Ongeza eneo la uwele na mtama wa muda mfupi kama Macia, punguza mahindi, na yale utakayobakiza yapeleke mbugani kunakoshika maji. Kinga maji mapema kwa matuta yaliyofungwa, yaani yenye vizuizi vya udongo kati ya tuta na tuta.

Kisha kuna mvua za kudanganya. Kipimo kinachotumika sana cha kujua kwamba msimu umeanza kweli ni milimita 20 ndani ya siku mbili au tatu. Usipande kwa rasharasha za kwanza. Chimbua uone kama udongo umelowa hadi kina cha jembe, halafu sikiliza utabiri wa siku kumi. Ukiwa na uwele, unaweza kuthubutu kupanda kipande kwenye udongo mkavu. Mahindi subiri.

Yote haya yanataka kipima mvua kijijini, kwa sababu kituo kinaweza kuwa kilomita 60 na mvua zetu hubagua hata mashamba ya jirani. Chupa ya plastiki yenye ubavu ulionyooka inatosha: kata juu, geuza shingo iwe faneli, jaza maji hadi pale ubavu unaponyooka na uweke alama ya sifuri. Ifungie kwenye nguzo iliyosimama wima uwanjani, mbali na paa na miti. Soma kila siku saa tatu asubuhi, andika hata sifuri.

Baada ya mavuno likaguliwe daftari mbele ya watu wale wale wa Novemba, utabiri upande huu, mvua iliyonyesha upande ule. Kikao hiki ndicho kinachorukwa mara nyingi, eti posho zimekwisha. Daftari lisikae kwa mwenyekiti. Akiitwa wilayani, siku hiyo mvua haipimwi.