Ukiumia kazini, andika siku hiyohiyo

Jamani ukiumia kazini hata kama ni kidogo tu, mgongo umeshtuka au kidole kimebanwa na mashine, usiishie kumwambia supavaiza kwa mdomo, mtumie meseji au imeili siku hiyohiyo useme ilikuwa saa ngapi, wapi, ulikuwa unafanya nini na nani alikuwepo, afu piga skrinshoti uweke kwenye simu yako mwenyewe, sio ya ofisi. Maneno ya mdomo huwa yanasahaulika fasta sana hela ya fidia ikianza kuongelewa.

Hospitali sasa, hapa ndo wengi wanapopotezea haki yao: mwambie daktari waziwazi kwamba umeumia kazini na uhakikishe kaandika hivyo kwenye faili. Ikiandikwa "maumivu ya mgongo" tu, wanaolipa wanaweza kudai ulitoka nayo nyumbani, na kubishana na karatasi ya daktari ni shughuli. Risiti za dawa na nauli tunza zote. Muda wa kudai nao una mwisho kisheria, ulizia mapema. Na wakikuletea karatasi ya malipo ya mwisho usaini huku bado unachechemea, we subiri kwanza daktari aseme umepona kiasi gani.