Pochi ya Bitcoin imefunguka lakini salio ni sifuri: tafuta kwanza anwani ya zamani

Jirani yangu ni fundi cherehani. Simu yake iliibwa ndani ya daladala, na pochi yake ya Bitcoin ilikuwa humo. Kilichobaki ni maneno 12 ya kurejesha, yale yanayoifungua pochi upya kwenye kifaa kingine, yameandikwa kwa kalamu ya wino kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari la hesabu la mwanawe. Bati linavuja, daftari lilikuwa juu ya kabati, mengine utamalizia mwenyewe. Tulihangaika usiku tatu. Kwa ninachojua sasa, ilikuwa kazi ya nusu saa.

Hatua ya 1: Tafuta anwani moja ya zamani

Kabla ya kupakua programu yoyote, tafuta anwani uliyowahi kupokelea pesa, yaani ule mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu unaompa anayekutumia. Pekua WhatsApp uliyochati na mtu aliyekuuzia, barua pepe za soko ulikotolea, picha za skrini ulizomtumia rafiki ukijisifu. Anwani si siri, haimpi mtu uwezo wa kukuibia. Sisi hatua hii tuliiruka, na ndiyo iliyotugharimu usiku mbili.

Hatua ya 2: Zima intaneti

Mimi natumia Tails, mfumo wa kompyuta unaowashwa kutoka kwenye flashi ya GB 8 au zaidi. Inawaka bila kugusa diski ya laptopu, programu ya pochi ya Bitcoin iitwayo Electrum imo tayari, na pale mwanzoni unaweza kuiambia isiunganishe mtandao kabisa. Tovuti zenye kisanduku cha "weka maneno yako tukusaidie" ni za wezi. Wale wa Telegram wanaorejesha pochi kwa malipo ya awali ni wezi pia, tena wasio na haraka. Hata mimi usinipe maneno yako: jirani aliandika mwenyewe, nami niligeukia dirishani.

Hatua ya 3: Yasahihishe maneno

Maneno ya kurejesha ya pochi nyingi hutoka kwenye orodha ya kiwango kiitwacho BIP39. Ina maneno 2,048 ya Kiingereza, na herufi nne za mwanzo zinatosha kulitambua neno lolote. Kwa hiyo wino ukifuta mkia wa neno, usihofu. Ukikosa neno zima, unajua nafasi yake na una anwani, programu ya btcrecover itajaribu yote 2,048 wakati unakunywa chai. Maneno mawili ni kama milioni 4.2 za majaribio, laptopu bado inaweza. Manne, sahau.

Kwetu tatizo halikuwa wino. Maneno yote 12 yalisomeka, yote yamo kwenye orodha, lakini Electrum ilisema ukaguzi umeshindwa, yaani hesabu inayopima kama maneno yanaendana haikukubali. Nikamuuliza jirani: uliandika wewe? La, yeye alisoma kwenye simu, mtoto akaandika. Basi nikacheka. Sisi wa Mara, L na R hupishana mdomoni. Mtoto alisikia "grow" akaandika "grow", kumbe kwenye skrini palikuwa na "glow". Yote mawili yamo kwenye orodha, sawa na "glass" na "grass", "cloud" na "crowd". (Nayataja kwa sababu pochi ile sasa ni tupu.) Tukabadilisha, ukaguzi ukapita.

Ila usishangilie mapema. Kwa maneno 12, kosa moja kati ya 16 hupita ukaguzi kwa bahati tu. Kupita ukaguzi si ushahidi, shahidi ni anwani.

Hatua ya 4: Salio ni sifuri

Hapa ndipo tulipokesha. Pochi ilifunguka, tukawasha intaneti kuona salio: sifuri, hakuna hata muamala mmoja. Tukajaribu programu ya pili kwenye simu, sifuri. Ya tatu, sifuri. Jirani akanyamaza kabisa, nami nikaanza kuamini kwamba aliyeiba simu kamaliza kila kitu. Lakini wizi ungeacha alama: pesa iliingia tarehe fulani, ikatoka tarehe fulani. Pochi isiyo na historia yoyote haijaibiwa. Umefungua mlango mwingine.

Maneno yako ni shina. Kwenye shina hilo kuna matawi mengi, kila tawi na anwani zake, na programu hutazama tawi moja ililoambiwa. Kwa Bitcoin, anwani yenyewe inakuambia tawi (BIP na namba yake ndilo jina la tawi):

- inaanza na 1: BIP44
- inaanza na 3: mara nyingi BIP49
- inaanza na bc1q: BIP84
- inaanza na bc1p: BIP86

Usiku wa tatu jirani alipata kwenye chati ya zamani anwani aliyomtumia muuzaji. Ilianza na 3. Programu zetu zote tatu zilikuwa zinatazama bc1q! Nikajipiga paja.

Kwenye Electrum, unaporejesha, fungua chaguo na uweke alama kwenye BIP39, la sivyo itadhani ni maneno ya aina yake yenyewe, ambayo ni mfumo tofauti. (Kinyume chake pia ni kweli: maneno yaliyotoka Electrum hukataliwa na pochi nyingi.) Kisha chagua aina ya anwani. Kichupo cha anwani huwa kimefichwa, kifungue kwenye menyu ya mwonekano, ulinganishe na ile ya zamani. Hayo yote bila intaneti.

Bado haionekani? Jaribu akaunti ya pili na ya tatu kwenye tawi hilohilo. Kumbuka pia kwamba programu nyingi huacha kutafuta zikikutana na anwani 20 mfululizo zisizotumika. Halafu jiulize kama uliwahi kuongeza paswedi juu ya maneno (si ile PIN ya kufungulia programu). Hiyo ni balaa, kwa sababu paswedi yoyote, hata ya kukosea, hufungua pochi, na hakuna ujumbe wa kosa. Herufi kubwa moja au nafasi moja ya ziada, umeingia nyumba nyingine tupu.

Kama ulichokuwa nacho si Bitcoin bali USDT, ile sarafu ya kidijitali inayofuata dola, anwani inayoanza na T ni ya mtandao mwingine uitwao Tron, usiitafute kwenye Electrum.

Hatua ya 5: Hamisha

Tengeneza pochi mpya yenye maneno mapya, tuma kiasi kidogo kwanza, kisha kilichobaki. Kwa USDT ya Tron utahitaji TRX, sarafu ya Tron yenyewe, kidogo ya ada.

Maneno mapya jirani aliyaandika kwa penseli, maana penseli hailowi ikachuruzika. Akayanakili mwenyewe, herufi kwa herufi kutoka kwenye skrini, kimya. Mtoto alitumwa dukani.